Koni Sita za Mzee Masikio

Mtaa ulimpa jina la Masikio miaka arobaini iliyopita, na wakati huo lilikuwa jina la haki. Aliweza kukaa ndani ya karakana yake, mlango umerudishwa, mtu akapita barabarani na redio begani, naye akasema bila kuinua kichwa: hiyo koni ya spika imechanika upande wa chini. Mwenye redio akiingia kubisha, redio ilifunguliwa, na koni ilikuwa imechanika upande wa chini. Watu wa wakati ule walipenda kushuhudia jambo la namna hiyo. Siku hizi ukimwambia mtu redio yake ina kasoro, anakujibu kwamba atanunua nyingine.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye dirisha moja na meza ya mbao ngumu iliyojaa makovu ya chuma cha kulehemu. Hakufundishwa kazi na mtu yeyote. Alijifunza kwenye kitabu kisichokuwa na jalada wala kurasa kumi na mbili za mwanzo, kwa hiyo maisha yake yote alijua kazi yake kuanzia ukurasa wa kumi na tatu. Ilimtosha.

Spika alizozipenda zilikuwa za koni ya karatasi, inchi nane, zile zinazobeba sauti zote peke yake, kuanzia ngoma nzito mpaka mlio wa funguo. Koni moja kubwa ya karatasi ya kijivu, na katikati yake koni ndogo kama kikombe cha kahawa kilichokatwa kitako, ambayo kazi yake ni sauti nyembamba. Basi. Aliifunga kwenye boksi la mbao alilolipima na kulipiga randa mwenyewe, na boksi likazungumza. Mtu ana mdomo mmoja, alikuwa akisema, na unamtosha kunong'ona na kugomba; kwa nini spika iwe na mitatu?

Mwanawe wa kwanza aliwahi kumletea spika ya kisasa yenye macho matatu na taa zinazobadilika rangi. Mzee akaifungua kwa bisibisi. Jicho moja lilikuwa na waya. Mawili yalikuwa yamegundishwa tu, kama macho ya mwanasesere. Akaifunga tena, akamrudishia mwanawe, akasema taa zake ni nzuri.

Kila spika aliyoimaliza aliipima kwa kanda moja ileile, aliyoirekodi miaka ishirini na sita nyuma, mwanawe huyo alipokuwa bado anavaa kaptula za shule. Kwanza njiti ya kiberiti inawashwa. Halafu shada la funguo linadondoka mezani. Halafu karatasi inachanwa taratibu. Mwisho ni sauti ya mkewe, aliyeitwa kutoka jikoni na kupewa sentensi ya kusoma, sentensi ambayo mzee aliitunga kwa ajili ya sauti za ncha ya ulimi: "Saa sita sisi sote tulisimama sokoni." Mkewe akasoma vizuri, kisha akauliza, "Tulisimama sokoni kufanya nini?" Mzee hakuwahi kuzima kwa wakati, na swali likabaki ndani ya kanda. Kwa miaka ishirini na sita kila mteja aliyeingia humo aliulizwa walisimama sokoni kufanya nini, na hakuna aliyejua.

Spika ikifaulu kanda, mzee alibandika kipande cha karatasi nyeupe nyuma ya sumaku, akaandika kwa penseli neno moja, *Nimesikiliza*, na tarehe. Jina lake hakuliweka. Alisema jina ni la kujisifu, lakini neno lile ni la kuapa. Hakuwahi kuliandika kabla kanda haijafika mwisho, hata mteja akiwa amesimama mlangoni anatikisa mguu.

Miaka minne iliyopita aliona kwamba njiti ya kiberiti imefifia. Alirudisha kanda nyuma mara tatu. Iliwaka, lakini kwa mbali, kama imewashwa nyumba ya pili. Akatafakari kama fundi anavyotafakari, akafikia uamuzi kwamba karatasi za koni zimelala sandukuni muda mrefu mno na kulegea kwa unyevu. Dawa yake ilikuwa vanishi. Ukiipaka koni ndogo vanishi nyepesi, karatasi inakakamaa, na sauti nyembamba zinapanda. Akapaka mkono mmoja. Njiti ikarudi.

Mwaka uliofuata ilihitaji mikono miwili. Baadaye mitatu. Juzi juzi alikuwa anapaka mitano, mpaka koni inang'aa kama kiatu cha mwanajeshi, na bado njiti ilikuwa inamjia kwa aibu.

Wateja wawili watatu walirudi. Kinyozi wa pale kona alirudi na malalamiko ya ajabu, kwamba redio ikifika kwenye maneno fulani wateja wake wanashtuka, na yeye ana wembe mkononi. Mzee alimwambia aongee na wateja wake watulie. Alimweleza pia, kwa upole wa mtu anayejua, kwamba masikio ya watu wa siku hizi yameharibiwa na plastiki. Wakisikia sauti halisi inawauma, kama mtu aliyefungiwa gizani anavyoumwa na jua. Kinyozi akaondoka. Alikuwa mtu wa heshima, na spika akaitundika tena ukutani.

Ndipo ikaja kazi ya shule ya wasioona. Walitaka maboksi sita, moja kwa kila darasa, kwa sababu masomo yao mengi yanasikilizwa. Kazi kama hiyo haikuwa imeingia karakanani kwa miaka mingi, na ilikuja wakati mwanawe ameshapima ukuta wa chumba kwa futi kamba. Mwana alitaka chumba kile cha mbele auzie makava ya simu na chaja. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na mke na watoto wawili, na baba yake alikuwa na wateja wanne kwa mwaka. Wakakubaliana kiungwana, mama akiwa shahidi: shule ikizipokea spika, mzee anabaki na meza yake mpaka achoke mwenyewe, shule ikizirudisha, meza inatoka. Mzee alikubali bila kusita. Mtu anayeitwa Masikio haogopi kusikilizwa.

Mwalimu wa shule ile alikuja asubuhi ya Jumatatu na fimbo yake nyeupe, na yeye mwenyewe haoni. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akaweka fimbo magotini, akainamisha kichwa kama anayechungulia chini ya kitanda. Mzee akabonyeza kanda.

Njiti ilipowaka, mwalimu alirudi nyuma kitini. Funguo zilipodondoka alifunga macho, ingawa hayakuwa na kazi. Karatasi ilipochanwa aliinua mkono kidogo, kama anayetaka kumwomba mtu asichane. Halafu mama wa kwenye kanda akasema saa sita sisi sote tulisimama sokoni, akauliza kufanya nini, na kanda ikakatika.

Mwalimu akaipapasa fimbo yake toka ncha hadi ncha, na mzee akahesabu kwamba anastaajabu.

"Fundi," akasema mwishowe, "samahani kwa nitakalouliza. Huyu mama ana meno ya bati?"

"Huyo ni mke wangu," mzee akajibu. "Na meno yake ni yake."

"Ni yangu yote isipokuwa mawili," akasema mkewe kutoka mlango wa ndani, alikosimama na sinia ya chai. "Karibu, mwalimu."

Mwalimu akamwamkia, akaomba radhi, akachukua kikombe. Kisha akaeleza kwa utaratibu, kama anayemweleza mzazi kwamba mtoto amefeli. Sauti nzito ni nzuri sana, alisema. Ya katikati inakaa mahali pake, unaweza kuinyooshea kidole. Lakini kila s inapita kama bati linavutwa juu ya zege. Watoto wake watakaa mbele ya boksi hilo saa sita kwa siku, na wao hawana mahali pengine pa kupumzishia akili. Mtoto anayeona akichoka kusikiliza anatazama dirisha. Kwa hali ile hawezi kuzipokea. Angerudi Alhamisi. Kama fundi ana la kufanya, alifanye. Kama hana, hakuna ubaya, watanunua zile za dukani.

"Za macho matatu," mzee akasema.

"Sijui zina mangapi," mwalimu akajibu.

Alipoondoka, mzee aliendelea kuongea kana kwamba bado yupo. Alisema hata wasioona siku hizi wameharibika. Alisema bweni lao limejaa redio za plastiki, kijana amelala nazo, ameamka nazo, unategemea nini. Alisema zamani mtu akiambiwa hii ndiyo sauti, alikaa akajifunza kuipenda. Mkewe alikuwa akikusanya vikombe nyuma yake. Alitoka na sinia, akarudi, akasimama palepale nyuma ya kiti chake. Mzee alikuwa ameinamia boksi, anapitisha kidole kwenye ukingo wa koni, anatafuta kosa ambalo halikuwepo.

Baada ya muda akanusa hewa.

"Mama watoto, kuna kitu kinaungua."

"Hii ni njiti ya tatu," mkewe akasema.

Mzee akageuka. Mkewe alikuwa ameshika kiberiti mkono mmoja na njiti inayowaka mkono wa pili, hatua moja kutoka sikio lake. Mbili zilizoungua zilikuwa sakafuni. Mkewe akaipuliza ile ya tatu, akaiweka kwenye kisahani.

Alimtazama mkewe, akatazama zile njiti mbili. Akamwomba awashe nyingine. Mkewe akawasha. Mzee aliona mkono ukipita, akaona moto ukitokea, kama mtu anayetazama sinema ya zamani isiyokuwa na sauti.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mwaka wa nne huu."

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia, mzee wangu. Nimekuambia mara nyingi. Nilikuwa nakuambia kwa sauti ndogo, sikutaka mtaa usikie."

 Mzee aliketi. Akaanza kuhesabu kwa vidole wale aliowapakia vanishi: kinyozi, mama mshona nguo, dereva mstaafu, na karani mmoja aliyesema mke wake anazima redio kila akiingia, na mzee akamjibu kwamba huyo mke hana sikio. Walifika kumi na mmoja. Nyuma ya kila sumaku, kumi na moja zote, palikuwa na neno lake na tarehe. Aliapa kwamba amesikiliza, na kweli alisikiliza; asichokijua ni kwamba alikuwa anapaka dawa ya masikio yake kwenye koni za watu.

Mtu mwingine angefunga mlango akamwita mwanawe aje achukue chumba. Mzee alikaa mpaka chai iliyobaki kwenye birika ikapoa, kisha akainuka, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya meza.

Vanishi ikishaingia kwenye karatasi haitoki. Koni inakatwa, inatupwa, inawekwa nyingine. Sandukuni zilikuwa zimebaki koni tisa tupu, zimefungwa kwenye gazeti la mwaka ambao kiwanda kilichozitengeneza kilikuwa bado kinafungua milango asubuhi. Hakuna tena anayezitengeneza. Sita kwa shule, zingebaki tatu.

Kwa siku mbili alifanya kazi aliyoijua. Alikata koni ya zamani kwa wembe, akakwangua gundi kwenye fremu, akaisafisha kwa spiriti. Alichukua vipande vyembamba alivyovikata kwenye picha za eksirei, akavipanga kuzunguka nguzo ya sumaku ili koili, ule waya uliosokotwa unaoisukuma koni, isimame katikati bila kugusa popote. Eksirei moja ilikuwa ya goti lake mwenyewe. Akaweka koni mpya, akazungusha gundi, akaigandamiza kwa vibanio vya nguo, akaiacha ikauke. Ilipokauka alivuta vile vipande kimoja kimoja, kisha akaisukuma koni kwa ncha za vidole vyote kumi, taratibu, ndani na nje. Koili inayokwaruza huisikii kwanza kwa sikio, unaisikia kwenye kidole, na vidole vyake havikuwa na shida yoyote. Kopo la vanishi aliliweka nje ya dirisha.

Jumatano mchana akamwita mkewe, akamkalisha kwenye kiti alichokalia mwalimu.

"Sikiliza," akasema. "Halafu niambie."

Kanda ikapita. Mkewe akasema ni nzuri. Mzee akamwambia nzuri si jibu, hata chumvi ni nzuri. Mkewe akasema basi arudie, na safari hii akafumba macho, akaweka kitambaa chake cha jikoni magotini kama mwalimu alivyoweka fimbo.

"Njiti imewaka hapa," akasema, akionyesha hewa mbele ya boksi. "Naweza kuwashia jiko. Funguo ni zile za mlango wa zamani, na ule wa sandukuni umetangulia kuanguka."

Mzee hakuwahi kusikia kwamba kuna ufunguo uliotangulia. Hata enzi zake.

Boksi la pili likapita vilevile. La tatu mkewe alilikatisha katikati, akasema huyo mwanamke kafunikwa blanketi. Mzee akalifungua, akakuta ameweka koni kubwa na kusahau kugundisha ile ndogo ya katikati. Ilikuwa bado juu ya meza, karibu na kikombe, na alikuwa ameiangalia siku nzima. Kwa masikio yake angeipeleka hivyo shuleni, tena kwa fahari. Akaigundisha, na mkewe, kwa bahati nzuri, akawa anakunja upya kitambaa chake cha jikoni.

Walipofika boksi la mwisho mkewe aliomba arudishe kanda kidogo, pale kabla ya sentensi. Akasogeza kichwa.

"Kuna wewe hapa," akasema. "Kabla sijaanza kusoma. Unaniambia, 'Anza, mama.' Unasema kwa sauti ndogo kweli."

"Siyo mimi."

"Ni wewe. Tulikuwa wawili tu humu."

Mzee akaweka sikio karibu na koni mpaka ukingo ukamgusa shavu, akasikia hewa tupu. Akarudi akaketi. Alijaribu kukumbuka kama amewahi kuongea na mtu kwa sauti hiyo, akashindwa, akaamua kuamini sikio lililosikia.

Alhamisi mwalimu alisikiliza maboksi yote sita, moja baada ya jingine, na hakurudi nyuma kitini hata mara moja. Mama wa kwenye kanda aliuliza swali lake mara sita. Mwisho mwalimu akapapasa nyuma ya boksi la kwanza, ambalo mzee alikuwa bado hajalifunga, akagusa kile kipande cha karatasi juu ya sumaku.

"Nimeambiwa huwa unaandika hapa kwamba umesikiliza," akasema. "Shuleni ndicho kilichofanya tukuchague wewe. Penseli siisikii kwa kidole. Umeshaandika?"

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni wakati huo, na ubao wa rafu begani, amekuja kusikia matokeo. Mzee alimwona. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Spika zilikuwa safi, mwalimu ameridhika, na hapo palikuwa na mtu mmoja tu wa kudanganywa, naye hawezi kusoma penseli.

"Sijaandika," akasema. "Na siwezi. Mimi sauti nyembamba zimenitoka, mwaka wa nne huu. Zile za Jumatatu nilizipaka vanishi ili nizisikie mimi. Hizi nimezitengeneza, lakini aliyesikiliza ni mama."

Mwalimu akageuza uso upande wa mlango wa ndani, ambako mama alikuwa bado hajatoa sauti yoyote.

"Basi na aandike mama," akasema.

Mkewe akajifuta mikono, akapokea penseli, akaandika mara sita, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyeacha shule mapema na hajasahau alichofundishwa: *Nimesikiliza*. Mwana akautua ubao, akatafuta pa kuuweka, akausukuma chini ya meza. Uko hapo mpaka leo.

Mwalimu alipokuwa ananyanyuka akauliza, "Mama, hivi mlisimama sokoni kufanya nini?"

"Namsubiri anijibu tangu siku hiyo," mama akasema.

"Anasema nini?" mzee akauliza.

Mkewe akayarudia maneno yake, safari hii kwa sauti kubwa, na mtaa ukasikia.

Jioni ile mzee alifunga koni tatu zilizobaki kwenye gazeti lake, akaenda mpaka kona. Kati ya watu kumi na mmoja angeweza kuwarekebishia watatu, na alianza na mwenye wembe. Kinyozi alikuwa na mteja kitini na mwingine benchini. Mzee akasalimia, akaomba kigoda, akaishusha spika ukutani mwenyewe, akaigeuza. Neno lilikuwa pale nyuma ya sumaku, kwa mkono wake, na tarehe ya mwaka juzi.

"Ina nini tena?" kinyozi akauliza. "Si ulisema niongee na wateja?"

"Haijasikilizwa."

Kinyozi akainama, akasoma karatasi, akamtazama. "Mbona imeandikwa imesikilizwa?"

Mzee akalowesha kidole gumba kwa mate, akakipitisha juu ya neno, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka penseli ikawa doa la kijivu.

"Wapi?" akasema.